Mleteni Mgonjwa Mwenyewe

Shangazi yangu alizaa mapacha akiwa na miaka sitini na moja, kwa upasuaji, siku ya Jumanne. Mwaka huohuo alivunjika mguu wa kushoto mara mbili, akang'olewa meno, kisha akafanyiwa upasuaji wa tezi dume. Ndiyo, tezi dume. Kama hujui iko wapi, muulize mwanaume yeyote aliyevuka hamsini, utaona anavyobadilisha mazungumzo.

Sikuyaokota haya vijiweni. Yalichapwa kwa kompyuta, kurasa kumi na nne, kila ukurasa na muhuri wake, na mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua.

Kazi yangu ni kujazia watu fomu. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza tatu, feni moja, na bango linaloahidi mambo mengi kuliko chumba kinavyoweza kubeba: viza, bima, picha za pasi, kutoa nakala, ushauri wa maisha ya nje. Huo ushauri natoa mimi, ambaye sijawahi kuvuka mpaka wowote. Chuoni nilikuwa nasomea hesabu za bima. Mwaka wa tatu nikabandika tangazo ubaoni kwamba mtihani umeahirishwa, nusu ya darasa wakaenda kulala, na chuo kikaonyesha kwamba hakijui utani. Basi ndiyo hivyo. Nilichotoka nacho ni kujua kusoma maandishi madogo ya mikataba, na maandishi madogo hayamuulizi mtu digrii.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Mjane, karani wa mahakama mstaafu. Miaka thelathini na moja aliandika kila neno lililosemwa mbele ya hakimu, akaona watu wazima na akili zao wakienda ndani kwa saini moja ya uongo. Ndiyo maana hata orodha ya vitu vya dukani anaisoma mara mbili kabla hajaweka kalamu chini. Ana mtoto mmoja tu, wa kike, yuko nje mwaka wa kumi sasa, na huyo binti alikuwa amempatia mama yake barua ya mwaliko aende akaishi naye moja kwa moja. Barua ilikuwa inakufa mwisho wa mwezi. Miadi ya ubalozini ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Ukiikosa hiyo, nyingine ni baada ya miezi saba, na barua umeshaizika.

Pasi ilikuwepo, picha zilikuwepo, karatasi ya polisi ya tabia njema ilikuwepo. Kilichokosekana ni cheti cha bima ya afya ya mwaka mzima, maana nchi za watu zinakukaribisha kwa mikono miwili, mradi usiwaugulie.

Fomu ya bima ilikuwa na maswali arobaini. Nikamsomea.

"Umewahi kulazwa hospitali?"

"Hapana."

"Kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

"Kutibiwa presha, sukari, moyo, figo?"

"Hapana, hapana, hapana, hapana."

"Basi niweke hapana mpaka chini, Shangazi, tumalize."

"Wewe! Siweki saini kwa swali nisilolisikia. Soma."

Tukasoma yote arobaini. Hapana arobaini. Akaipitia fomu mara mbili, akasaini kwa mwandiko ule wa makarani wa zamani, ukadhani ni hati ya kiwanja. Kesho yake kampuni ya bima ikajibu kwa mstari mmoja: leteni historia ya matibabu ya miaka mitano kutoka kwenye kadi yake ya wastaafu.

Hapo nikausoma mstari ule mara ya pili, kwa sababu kadi ile naijua.

Serikali ilimpa Shangazi kadi ya matibabu alipostaafu. Ilikuwa yake peke yake, ya karatasi ngumu, haina picha, ina namba na neno MSTAAFU. Sasa, ukoo wetu haujawahi kuona kitu cha mtu mmoja ukakiacha kiwe cha mtu mmoja. Kadi ililala kwa Baba Mkubwa, ikaamka kwa Baba Mdogo, ikashinda kliniki na mke wake. Dada wa mapokezi alikuwa haangalii uso, anaangalia namba, kisha anaita: "Mama Mstaafu, chumba namba tatu!" Anasimama Baba Mkubwa na ndevu zake, anajikohoza, anajibu, "Nipo."

Wala hakuna aliyeona ni wizi. Tuliita kusaidiana. Kwetu mtu akiugua haulizwi anaumwa nini. Swali la kwanza ni "Kadi iko kwa nani?"

Nikampelekea Shangazi kurasa zake kumi na nne nyumbani. Begi lilikuwa limefunguliwa sakafuni, nusu limeshajaa masweta. Yeye alikuwa kwenye kochi anashona kifungo cha koti la mtumba, zito kama godoro, alilonunua kwa ajili ya baridi ya huko.

"Ukurasa wa tano," nikasoma. "Meno thelathini na sita yameng'olewa."

"Mtu ana mangapi?"

"Thelathini na mawili."

"Basi nimewazidi wenzangu." Akakata uzi kwa meno, kat!

"Wa saba. Mapacha, kwa upasuaji."

"Huyo Mama Pacha, mke wa baba yako mdogo. Alilia siku ile, maskini. Nilimpelekea khanga nne."

"Wa nane. Mguu wa kushoto, ajali ya pikipiki. Halafu mguu wa kushoto tena, miezi minne baadaye."

"Breki."

Breki ndiye Baba Mdogo mwenyewe. Aliitwa hivyo kwa sababu pikipiki yake haikuwa nazo.

"Tezi dume."

Shangazi akaangalia mlango. "Hiyo usiisome kwa sauti. Kaka yangu ni mwenyekiti wa watu."

Akanipokonya karatasi, akawa anazipitia yeye mwenyewe, polepole, mtu anavyopitia albamu ya harusi. Miwani minne ya namba nne tofauti ndani ya mwezi mmoja, akawataja wenye macho. Jipu, akamtaja mwenye jipu na lilipokaa. Akafika ukurasa wa tisa.

"Na huu wote, pumu, pumu, pumu, mara ishirini na mbili, ni nani?"

Nikajifanya natafuta kitu mfukoni. "Huyo ni mtu fulani tu."

"Anaendeleaje?"

"Anapumua."

"Tunamshukuru Mungu," akasema, wala hakuniangalia.

Nilitafuta kwenye kurasa zote kumi na nne ugonjwa mmoja wa Shangazi. Sikuuona. Nikamuuliza wa kwake uko wapi. "Si unaona zimejaa?" akasema. "Ningekaa wapi?"

Kampuni ilipozisoma karatasi zile ikaagiza mama apimwe na daktari wao. Akapimwa Ijumaa asubuhi. Alasiri simu ikalia ofisini. Alikuwa mkaguzi wa kampuni, yule anayeamua nani akatiwe bima na nani aachwe na maradhi yake. Sauti ya upole, ya mtu anayekunyima kitu huku akikuuliza habari za nyumbani.

"Daktari wetu amemwona mama mmoja," akasema. "Tumbo halina kovu. Mguu haujawahi kuvunjika. Meno yote yamo kinywani, mpaka magego."

"Si ndiyo vizuri, bosi?"

"Vizuri sana. Tatizo ni kwamba siye."

"Siye nani?"

"Siye mgonjwa wetu. Mmetafuta mtu mwenye afya zake mkamleta apimwe badala ya mgonjwa. Mbinu hiyo tumeiona sana. Mleteni mgonjwa mwenyewe, mwisho Jumatano. Ikipita hapo nafunga faili."

Nimekaa kwenye meza ile miaka minne, nimeona watu wakinyimwa bima kwa sababu wanaumwa. Kumwona mtu ananyimwa kwa sababu haumwi, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilicheka peke yangu mpaka nikatafuta kale kachupa kangu ka dawa ya kupuliza. Halafu nikahesabu siku za kufika Alhamisi, nikaacha kucheka.

Dawa ilikuwa moja tu: wenye magonjwa wajitokeze. Jumapili ukoo ukakutana sebuleni kwa Baba Mkubwa, kwenye makochi ambayo hayajavuliwa nailoni tangu yanunuliwe, ukihama kiti unasikika mpaka kwa jirani. Nikaeleza jambo lilivyo. Kila mmoja aandike karatasi fupi kwamba matibabu fulani yalikuwa yake, Shangazi apate cheti, asafiri.

Nailoni ikalia mahali fulani.

"Kwanza tuanze na hili la baridi," Baba Mkubwa akasema. "Huko anakokwenda kuna baridi, na mdogo wangu si kijana."

"Kaka, umenizidi miaka sita," Shangazi akasema.

"Ndiyo maana mimi siendi."

"Mimi nasema ukweli wa moyo wangu, wifi," Mama Pacha akaingilia, tayari na kitambaa machoni. "Tutakukosa. Mapacha watamkimbilia nani? Na chanjo zao mwezi ujao..."

"Chanjo ni bure," Breki akamnong'oneza mkewe.

"Eh? Basi tutakukosa tu hivyohivyo."

Unaona walipokuwa wamekaa? Mstaafu akihamia nje, kadi inasimamishwa. Hilo lipo kwenye maandishi madogo, na kwa bahati mbaya mimi mwenyewe ndiye niliyewasomea mwaka juzi, nikijionyesha kwamba chuo hakikunipita bure. Hakuna aliyelitaja neno kadi siku ile. Walitaja baridi, walitaja upweke, walitaja ndege zinazoanguka. Breki akasema huko nje watu wanazeeka haraka.

"Turudi kwenye karatasi," nikasema. "Tezi dume ya nani?"

"Mimi nilikwenda kupima macho," Baba Mkubwa akasema haraka, kabla hajatazamwa.

"Chumba namba tatu si cha macho, kaka," Breki akasema.

"Na wewe mguu wako?"

"Huu? Huu nimezaliwa nao hivi."

"Umezaliwa na vyuma?"

Basi likawa zogo. Katikati ya zogo Shangazi akasimama, akajinyoosha gauni. "Msigombane kwa ajili yangu. Kama haliwezekani, haliwezekani." Akabeba glasi mbili tupu akaenda nazo jikoni.

Nikamfuata baada ya dakika moja kwa kisingizio cha maji. Glasi zilikuwa kwenye meza, kavu. Yeye amesimama mbele ya sinki, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, hana anachoosha. Hakunisikia. Nikarudi kinyumenyume.

Sasa mimi nina ugonjwa mwingine ambao haumo kwenye zile kurasa. Nikikasirika, nachezea watu akili. Nikaingia sebuleni, nikafunga mlango taratibu, nikashusha sauti.

"Kuna kitu sikukisema mbele ya Shangazi, maana sitaki achanganyikiwe. Kampuni ya bima ya nje ina fungu la pole. Kila aliyeteseka kwenye faili hili anapewa kifuta machozi, kulingana na ugonjwa. Ila hawataki porojo. Mgonjwa aandike kwa mkono wake, aseme ilikuwa lini, achore kovu lilipo, asaini. Nasikitika kwamba humu ndani hakuna aliyeumwa."

Nikachukua mkoba wangu kama mtu anayeondoka.

Baba Mkubwa akajikohoza, kile kikohozi cha chumba namba tatu. "Tezi, kusema kweli, ilikuwa yangu."

"Si ulikwenda kupima macho, Baba Mkubwa?"

"Nilipitia."

Breki alikuwa ameshapandisha suruali mpaka gotini. "Mara mbili, andika. Huyu kijana ashuhudie, mara mbili!"

"Na mapacha," Mama Pacha akauliza, kitambaa kimeshapotea, "wanahesabiwa mmoja au wawili?"

"Wawili."

"Tena mmoja alitanguliza miguu! Hilo nalo liandikwe."

Kwenye meno ndipo walipotaka kushikana mashati. Faili lilikuwa na meno thelathini na sita, wao wakadai hamsini na mawili. Baba Mkubwa alifungua kinywa hadharani, yule mwenyekiti wa watu, akawa anaonyesha mapengo kwa kidole huku akihesabu kwa pua. Nikatoka na karatasi tano zilizosainiwa, kila moja na mchoro wake. Mchoro wa tezi sitauelezea.

Ya sita, ile ya ukurasa wa tisa, sikuiandika. Nilijiambia nitaiandika nyumbani. Nyumbani nikajiambia nitaiandika kesho. Unajua ilivyo.

Jumatano tukaenda. Ofisi za kampuni zilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imebandikwa karatasi yenye neno moja tu, SAMAHANI, kingo zake zimeshaanza kukunjamana. Tukapanda ngazi. Kufika ya pili Shangazi akashika ukuta, akafumba macho.

"Shangazi, nini?"

"Goti. Ngoja lipite."

"Goti gani? Tangu lini?"

"Hili la kulia. Mwaka wa sita huu."

"Mwaka wa sita! Na hukwenda hospitali?"

Akanitazama, kwanza kwa kushangaa, halafu kama ananihurumia. "Kwa kadi gani, mwanangu? Kila nikiiulizia, iko kwa mtu. Leo iko kwa Breki, kesho iko kwa kaka. Nikajisemea, wao wanaumwa kweli, mimi ni goti tu."

Nikatoa zile karatasi tano, nikampa. "Hizi zitatusaidia. Wamekiri wote."

Akakaa kwenye ngazi, akavaa miwani, akazisoma zote. Hata michoro. Kwenye mmoja alikaa sana.

"Wameandika kwa hiari yao?"

"Niliwaambia watalipwa."

"Watalipwa?"

"Hapana."

"Basi hizi si saini," akasema. "Saini ya mtu aliyedanganywa ni wino tu. Na zikifika kwa wakubwa, kaka yangu anakwenda kizimbani na uzee huu, na mimi ndiye niliyempa kadi kwa mkono wangu." Akazikunja mara mbili, akazitumbukiza kwenye pochi, akaifunga zipu. "Halafu ziko tano. Wagonjwa nimewahesabu sita."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Nipe mkono, tupande," akasema.

Mkaguzi tulimkuta ni kijana wa rika langu, tai imenyooka, kalamu tatu zimepangwa kwa urefu. Jumatano alasiri, na nyuma yake faili letu lilikuwa limeshawekwa kwenye trei ya yanayofungwa. Akamtazama Shangazi.

"Huyu ndiye yule aliyepimwa Ijumaa. Niliomba mgonjwa."

"Ndiye mimi," Shangazi akasema. "Hakuna mwingine."

Akasogeza kimashine kidogo chenye kioo chekundu, kilichounganishwa na kumbukumbu za vitambulisho vya taifa. "Dole gumba, mama." Shangazi akabonyeza. Kimashine kikafikiri, kikatoa mlio. Mkaguzi akakodolea kompyuta yake, akafuta kioo cha mashine kwa tai, akaomba dole gumba tena. Mlio uleule.

"Mfumo unasema wewe ni wewe," akasema, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Nilikuwa najua."

"Sasa mama, nieleweshe. Hii tezi dume."

"Imo kwenye kadi yangu."

"Lakini wewe ni mwanamke."

"Hilo nalo nilikuwa najua."

Mkaguzi akamtazama Shangazi. Akanitazama mimi. Akainuka akafunga mlango, akarudi, akakaa, akapanga upya kalamu zake. Aliposema tena, ile sauti ya upole ya simuni ilikuwa imekwisha, sasa ilikuwa sauti ya mtoto wa mtu.

"Mama yangu ni mwalimu mstaafu," akasema. "Mwaka jana kadi yake ilitahiriwa mara tatu."

Hakuna aliyecheka. Mimi niliuma shavu kwa ndani.

"Nisikilize vizuri, mama," akaendelea. "Ukiniambia kilichotokea, lazima nikiandike. Nikikiandika kinakwenda kitengo cha uchunguzi, na wale hawamalizi kitu chini ya miezi sita. Kwa hiyo, tafadhali, usiniambie."

"Sijakuambia."

"Vizuri."

"Lakini pia sitakudanganya."

"Na mimi sijakuuliza." Akavuta kibodi. "Kuna njia moja. Mtu mwenye historia kama hii kampuni inaweza kumkatia bima ila isilipie yale yaliyomo kwenye historia. Tunaandika orodha, anasaini, basi."

Akachapa. Printa ikatoa ukurasa mmoja. Shangazi akausoma mara mbili, kidole kinafuata mstari, kama alivyozoea kuwasomea washtakiwa.

"Hapa pameandikwa niliugua haya?"

"Hapana, mama. Pameandikwa tu kwamba ukiyaugua hatulipi."

"Nikizaa mapacha hamlipi."

"Hatulipi."

"Tezi dume ikinisumbua."

"Utajitegemea."

"Meno. Kuanzia la thelathini na tatu?"

"Yote, mama."

"Mguu wa kushoto." Akausogeza mguu wa kushoto chini ya meza, akautazama, mzima kabisa. Akashuka mstari wa chini. "Na pumu?"

"Na pumu."

"Hata ikimkaba mtu usiku?"

"Hata hivyo."

"Basi nitajitahidi isinipate," akasema, bado ameinamia karatasi. Masikio yangu yaliwaka moto. "Hapa naweza kusaini. Hakuna uongo hata mmoja. Lete kalamu."

Akasaini ule mwandiko wake wa hati ya kiwanja. Akaweka kalamu chini, kisha akainua kidole kimoja, karani akiomba rekodi isahihishwe.

"Kuna goti," akasema.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga na yeye.

"Goti gani?" mkaguzi akauliza.

"La kulia. Linauma. Nimesema sitakudanganya."

Mkaguzi akafunua kurasa kumi na nne, moja baada ya nyingine, mpaka muhuri wa mwisho. "Goti halimo."

"Halimo humo. Limo huku." Akajipiga pajani.

"Umewahi kutibiwa?"

"Sijawahi."

"Daktari wetu hakuliandika?"

"Alikuwa ananitafuta kovu la mapacha. Goti hakuliuliza."

"Basi mama," mkaguzi akasema, na nadhani alijitahidi sana asitabasamu, "kwa taarifa za kampuni goti lako ni zima. Siwezi kukataa kulipia ugonjwa ambao haupo. Likikuuma ukifika huko, nenda hospitali, onyesha cheti."

Shangazi akafikiri kidogo. "Umeandika kwamba nimekuambia?"

"Nimeandika: mama hana la kuongeza lililomo kwenye kumbukumbu."

"Hiyo ni kweli," akasema.

Kikabaki kipengele cha mwisho, cha kukamilisha cheti. Mkaguzi akakisoma haraka, kama watu wanavyosoma vitu wanavyojua majibu yake. "Wategemezi? Watu wanaotegemea bima yako?"

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, kachupa ka kupuliza kako mfukoni kananichoma paja, ka mwisho nilikokapata kwa kadi ile. Shangazi akakunja mikono juu ya pochi yenye karatasi tano.

"Sina," akasema.

Printa ikalia, muhuri ukagongwa, cheti kikawa mkononi.

Ya ubalozini nikumalizie hapahapa, maana ni mafupi. Kesho yake saa tatu ofisa wa dirishani hakufunua hata ukurasa wa pili. Alitazama kama muhuri upo, akauona, akasema "Anayefuata." Viza ikatoka baada ya siku kumi, barua ya mwaliko ikiwa na siku sita za kuishi. Ninachokumbuka zaidi ni Jumatano ile, tunashuka ngazi, yeye kanishika begani, cheti kimo ndani ya bahasha ya kahawia amekibana kwapani.

"Shangazi," nikasema. "Kweli huna wategemezi?"

"Nilikuwa nao wengi," akasema. Akatangulia na mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia. "Wamepona wote."

Akasimama ghorofa ya pili, akapumua, akaniuliza kujiandikisha kadi yangu mwenyewe kunataka nini. Nikaanza kumwelezea. Alinisikiliza mpaka chini.